Sauti Ziko kwa Mpwa Wangu

Laguboti, 4 Machi 2019

Mpwa wangu Jonggi,

Habari za Yogya? Sisi huku hatujambo, ila mvua imetukaba na kahawa haikauki. Mama yako sijamwona tangu Krismasi. Ukimpigia, mwambie kaka yake wa Laguboti anamsalimu.

Nakuandikia kwa jambo dogo. Tangu Ijumaa tovuti yetu ya vilio haifunguki. Unabonyeza, unaletewa ukurasa mweupe. Nilidhani simu yangu ndiyo imechoka, nikaenda kwa jirani, na kwake ni weupe uleule. Mwanangu aliyeko Jakarta kaniambia vivyo hivyo.

Unajua nilichokukabidhi unitunzie kwenye mashine zako: kina mama thelathini na mmoja wa huku kando ya ziwa, niliowarekodi wakiwalilia wafu wao kwa mtindo wa zamani, na karibu wote wamekwishakwenda nao. Lakini mimi kwa sasa namtaka mmoja tu, mama yangu mzazi. Tarehe sita Julai tunafukua mifupa yake na ya baba, tuihamishie kwenye kaburi jipya la ukoo. Mifupa ikishatoka, kabla ngoma hazijaanza, nataka watu wamsikie mama mwenyewe akimlilia baba kama alivyomlilia mwaka ule. Mchungaji kakubali. Mwenye spika kakubali. Umebaki wewe, na wewe sina haja ya kukubembeleza.

Bado nakumbuka siku uliponipigia simu mara ya kwanza. "Hutapea? Mama yangu ni wa ukoo wa Hutapea! Basi wewe ni mjomba wangu!" Tukacheka, na mazungumzo ya biashara yakaishia hapohapo. Uso wako sijauona hadi leo, lakini mwenye mpwa wa namna hiyo atafute nini tena.

Iangalie basi, mwanangu.

Mjomba wako,
Marolop Hutapea


Yogyakarta, 5 Machi 2019

Mjomba,

Shikamoo. Pole sana kwa usumbufu. Ni kweli, Ijumaa umeme uliruka kule Jakarta, kwenye jengo ambamo seva yetu imewekwa, na mashine ikapata hitilafu. Mafundi wako kazini.

Mjomba asiumize kichwa hata kidogo. Kuhangaika ni kazi yetu sisi boru, watoto wa binti zenu. Nyinyi wajomba kaeni mkekani, mletewe chakula, mnawe mikono.

Nitakujulisha hivi karibuni.

Mpwa wako mtiifu,
Jonggi Sitorus


Laguboti, 21 Machi 2019

Mpwa wangu,

Hiyo "hivi karibuni" yenu ya Yogya ina urefu gani? Nauliza tu, maana huku tukisema hivi karibuni, mtu anaweza kusubiri akiwa amesimama.

Mwenye spika alikuja jana kuijaribu sauti ya mama, ajue aweke spika wapi. Nilimkaribisha kahawa, nikamwambia mitambo iko kwa fundi. Akaniuliza, "Amang, mzee wangu, huna nakala nyingine?" Nikamwambia mpwa wangu ndiye anayenitunzia. Akainamisha kichwa kwa heshima, akanywa kahawa yake, akaenda. Kwa hiyo nimekwishalitumia jina lako mbele za watu. Usiniangushe.

Na hao mafundi ni wa wapi? Kama wana njaa, waambie nitawatumia samaki wa arsik, wa viungo vyetu, kwa basi.

Marolop Hutapea


Yogyakarta, 29 Machi 2019

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaifuta.

Diski imekufa, Mjomba. Tuliipeleka kwa watu wanaofufua diski, wakaifungua, wakasema sahani zake zimekwaruzika zote. Hakuna cha kutoa humo.

Naomba kuuliza, na Mjomba asikasirike. Zile kaseti za mwanzo, kabla hujazipeleka dukani Balige zikageuzwa kuwa faili, bado zipo? Au labda faili zenyewe zimebaki kwenye kompyuta ya nyumbani, au kwenye simu ya zamani? Hata kipande kifupi kitanisaidia.

Nasubiri.

Jonggi


Laguboti, 30 Machi 2019

Jonggi,

Diski ilikufa lini? Nimesoma barua yako mpaka macho yakaniuma. Diski haikufa juzi. Ilikufa Ijumaa ileile umeme uliporuka, na wewe ulijua, na bado ukaniandikia nikae mkekani ninawe mikono. Karibu mwezi mzima unanizungusha mimi, mtu mzima, kama mtoto anayeulizia zawadi ya Krismasi.

Umeuliza kaseti. Zipo, zote zipo, kwenye sanduku chini ya kinanda cha kanisa. Nilizirekodia mazoezi ya kwaya, upande wa kwanza na upande wa pili. Ukiiweka ya mama leo utasikia wanaume wa sauti ya nne wakikosea noti, nami nikiwafokea. Na kompyuta niliifuta alipoihitaji binti yangu kwa mambo ya chuo. Nilifuta kila kitu kwa moyo mweupe, kwa sababu wewe ulikuwepo.

Sasa nikuulize nami. Umekulia kwa Wabatak au kwa nani? Kwenye karamu, boru ndiye anayepika. Anachinja, anakatakata, anateka maji, anagawa nyama. Mjomba haingii jikoni kuchungulia sufuria. Akichungulia amemtukana mpwa wake mbele ya watu, amemwambia sikuamini. Ndiyo maana sikukuuliza hata siku moja, "Jonggi, nakala umeweka wapi?" Mdomo wangu usingeweza kulitamka swali hilo. Angekuwa mwenye seva wa kawaida, mgeni nisiyemjua kwao, ningemuuliza siku ya kwanza.

Nijibu moja tu. Nakala ulikuwa unaweka, au hukuwa unaweka?

Marolop Hutapea


Yogyakarta, 6 Aprili 2019

Mjomba,

Nilikuwa naweka. Kila Jumapili mashine ilijinakili yenyewe. Lakini nakala zilikwenda kwenye diski ya pili ndani ya seva ileile, na umeme ulipopiga, ulipiga zote mbili. Niliweka chakula cha akiba kwenye jiko lilelile lililoungua. Haya, nimesema.

Sasa kwa kuwa tunaulizana, na mimi niseme, hata kama sauti yangu itaonekana ni ya mtu asiye na adabu. Siku Mjomba alipojiunga, kulikuwa na masharti ya huduma, na chini yake kitufe cha kukubali. Mjomba alikibonyeza. Yameandikwa wazi kwamba nakala ya akiba ni jukumu la mwenye tovuti. Mimi napangisha chumba. Vyombo vya ndani ni vya mpangaji. Na kaseti Mjomba alizirekodia kwaya kwa mkono wake mwenyewe, mimi sikumtuma.

Utasema, kwa nini hukuniambia kwa mdomo? Kila mwezi wateja wangu wote hupelekewa ilani: tafadhali pakua nakala yako, uiweke kwako. Mjomba hukuipata kwa sababu nilikutoa kwenye orodha. Ilikuwa wiki ileile ya kwanza. Niliitazama ile ilani, nikaona nitakuwa ninamwamrisha mjomba wangu ajichotee maji mwenyewe. Nikaona aibu. Nikafuta anwani yako nikisema mzee huyu nitamhudumia mimi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Muuza betri wa Semarang, ambaye hata kabila lake silijui, seva ilipokufa alinitumia nakala yake siku ya pili, na tovuti yake iko hewani. Wote wako hewani. Aliyepotea ni ndugu yangu peke yake.

Naumia, Mjomba, lakini sitakubali kubebeshwa lawama kama niliyeua. Nasema kwa heshima: zilikuwa faili. Mama yako hakufa mara ya pili.

Jonggi Sitorus


Porsea, 24 Aprili 2019

Kaka yangu Marolop,

Pasaka njema, ingawa imepita. Barua hii anakuletea mke wa mchungaji, maana mambo ya kuandika kwenye simu kwangu ni giza tupu, na miwani nayo mguu mmoja umevunjika.

Nimesikia karamu ya mifupa ni tarehe sita Julai. Tutakuja wote. Mwanangu Jonggi nimemwambia afunge duka lake huko Java aje kuhudumu kwa wajomba zake, na asiniletee visingizio. Ana mikono laini kama ya mhasibu, mpeni nguruwe mmoja amkatekate atakaa sawa.

Kaka, moyo wangu umejaa fahari, acha niseme. Watu huku wananiambia, "Tiomsa, kumbe mwanao ndiye anayetunza sauti za mama zetu!" Mimi natabasamu tu kama sikusikia, ili waseme tena.

Nina ombi. Unakumbuka ulivyokuja na ile redio yako msibani kwetu, lori lilipomuua kaka yangu Sintong njia ya Sibolga, ukamrekodi mama yangu akimlilia? Sijawahi kumsikiliza. Kila nikitaka, najitafutia kazi nyingine ya kufanya. Lakini mwaka huu nafikisha sabini, na sauti ya mama imeanza kunitoka kichwani. Najua alisema maneno, ila siyasikii tena jinsi alivyoyasema. Siku ya karamu, baada ya mama yako, nataka Jonggi anifungulie wa kwangu. Yeye hajui kama bibi yake yumo kwenye mashine zake. Hakuuliza, nami sikumwambia. Usimwambie nawe. Nataka nimwone uso atakapomsikia, maana bibi alikufa yeye hajazaliwa.

Dada yako,
Tiomsa


Laguboti, 27 Aprili 2019

Dada Tiomsa,

Barua imefika, na ndizi pia. Njooni wote. Mwanao anafanya kazi na mashine huko, sishangai ana mikono laini. Sitamwambia.

Miwani hiyo itengenezwe, usije ukajikwaa.

Kaka yako,
Marolop


Yogyakarta, 15 Juni 2019

Mjomba,

Shikamoo. Miezi miwili Mjomba hajajibu, nami sikuwa na uso wa kuandika. Mama anapiga simu kila siku kuhusu karamu. Anacheka peke yake kwenye simu, sijui ana nini. Inaelekea Mjomba hajamwambia lolote, na kwa hilo nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Tiketi ameninunulia yeye. Nisipokuja itabidi nimweleze sababu. Nikija, nitakutazamaje?

Mjomba akisema nisije, sitakuja. Nitasingizia ugonjwa.

Jonggi


Laguboti, 16 Juni 2019

Boru haombi ruhusa ya kuingia jikoni. Njoo na kisu chako.

M. H.


Yogyakarta, 9 Julai 2019

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo! Nimefika salama. Nilipanda ndege alfajiri ya Jumapili, watu wote bado wamelala, hata mama sikumuaga vizuri. Mikono yangu ina malengelenge, nguo zangu zote zinanuka moshi na damu ya nguruwe, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama wa jana.

Sikutarajia, Mjomba. Nilikuja nikijua nitakatakata nyama, nitabeba maji, nitaondoka kichwa chini. Kisha jina langu likaitwa mbele ya ukoo mzima. Mjomba ulipolishika lile shuka la ulos ukanifunika mabegani, ukaniombea nizae na kustawi, machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilijua yamekwisha. Wajomba hawamvishi mtu waliyemwekea kinyongo.

Kuhusu umeme kukatika pale mifupa ilipotoka, nilikuwa nyuma jikoni, nilisikia watu wakinong'ona tu. Najua Mjomba ndiye uliyesema umekatika. Taa ya friji la jikoni ilikuwa inawaka. Umenifichia aibu mbele ya watu mia tano, nami sitasahau maisha yangu yote.

Nimejifunza pia. Tangu jana ilani inakwenda kwa kila mteja, wajomba kwa wageni, sichagui mtu. Juu kabisa, kwa herufi nene, nimeandika: nakala ni jukumu la mteja. Nakala zangu nazo sasa naziweka kwenye seva nyingine kabisa, Singapuri. Hili halitatokea tena kwa mtu yeyote. Tovuti ya Mjomba nimeifufua, ipo hewani, tupu lakini safi. Tuanze kurekodi upya, hata bila malipo.

Asante kwa kunisamehe.

Mpwa wako,
Jonggi


Laguboti, 14 Julai 2019

Jonggi,

Nimeiona hiyo tovuti yako tupu lakini safi. Turekodi upya nani? Wewe unadhani kina mama wa namna ile wanaota kila mvua ikinyesha?

Tuelewane kwanza kuhusu ulos. Ulipika, ulihudumu, ulichubuka mikono. Boru akifanya hivyo anavishwa, hata kama mjomba wake ana nyongo mdomoni. Ile mikono iliyokufunika ilikuwa ya ukoo. Uso ndio ulikuwa wangu, na kama ungeutazama badala ya kulia ungeiona nyongo hiyo. Baraka nilizokuombea ni za kweli, sizirudishi. Msamaha sikuutaja, unaweza kuwauliza watu wote mia tano.

Unataka kujua ilivyokuwa mifupa ilipotoka? Nilikishika kichwa cha mama kwenye kitambaa cheupe. Watu walikuwa wanamsubiri. Mwenye spika ananitazama mimi. Nikaona bora nijaribu mwenyewe, nilie kwa maneno yake, mimi niliyemsikia siku ile na kumsikiliza mara nyingi kuliko binadamu yeyote. Nikafungua mdomo. Nilipata mstari wa kwanza, ule wa kumwita baba. Wa pili haukuja. Nikasimama hapo na kichwa cha mama mkononi, mwalimu wa kwaya miaka yote hii, sina mstari wa pili. Ndipo nikasema umeme umekatika. Unadhani nilikuwa nakufichia wewe aibu?

Nimefikiri sana ni nani wa kulaumiwa. Usiku mwingine nasema ni wewe, usiku mwingine nasema ni mimi. Wewe ulinihurumia ukanifuta kwenye ilani yako, mimi nilikuheshimu nikafunga mdomo wangu, na kati ya heshima zetu mbili mama yangu hakuwa na mtu. Ningekuwa muuza betri wa Semarang ningekuwa naye hadi leo. Hapo nimekukubalia nusu. Nusu ni yangu na nitakwenda nayo kwenye kaburi lilelile jipya.

Lakini kuna jambo moja si langu, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Jumapili hiyohiyo, wewe ukiwa angani, mama yako alikuja nyumbani kwangu na miwani yake mipya. Akakaa barazani, akakunja mikono. Akaniuliza, "Kaka, umeme umerudi?" Nikamwambia umerudi. Akasema, "Basi nifungulie mama yangu."

Ndiyo, Jonggi. Bibi yako, aliyekuzalia mama, alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja. Nilimrekodi mwenyewe msibani kwa mjomba wako Sintong, unayemjua kwa picha tu. Ulikaa naye kwenye mashine zako miaka yote na hukuwahi kumfungua hata mara moja, maana zilikuwa faili. Mama yako alitaka akusikilizishe siku ya karamu, awaone bibi na mjukuu wanakutana. Ndiyo maana alikuwa anacheka kwenye simu. Aliniandikia Aprili nisikwambie, na nilitii.

Hajawahi kuisikiliza, hata siku moja. Alikuwa anaogopa. Sasa ameacha kuogopa.

Ningeweza kumwambia hapohapo barazani. Maneno yalikuwa tayari, hata yale uliyoniandikia, kwamba mtu hafi mara ya pili. Nikamtazama uso wake, nikashindwa. Halafu nikakumbuka kwamba hii si kazi ya mjomba. Mjomba haingii jikoni.

Nikamwambia, "Dada, mama yako hayuko kwangu. Yuko kwa Jonggi, yeye ndiye anayemtunza. Atakupigia."

Akafurahi. Alinishika mkono akaniambia ninyi vijana wa siku hizi mna akili. Mke wa mchungaji ananiarifu kwamba tangu siku ile hatoki hata kwenda sokoni, simu anaiweka mapajani, na ikilia anauliza kabla ya kusikia sauti, "Jonggi, ni wewe?"

Mpigie.

Marolop Hutapea